Baba ni mkaguzi wa hesabu, mbona hesabu za presha yake hazioni?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wetu ni mwalimu wa sayansi wa sekondari mkoani Morogoro. Baba yake, mkaguzi wa hesabu mstaafu mwenye miaka 68, aligundulika ana presha miaka mitatu iliyopita. Alimeza dawa kwa miezi michache, akaziacha kwa hoja kwamba dawa za presha zinaua figo. Siku hizi anategemea kitunguu saumu na juisi ya rosela. Kipimo cha mwisho kilisoma 172 kwa 104. "Nimemtumia makala, video za madaktari, mpaka michoro niliyochora mwenyewe, kwenye grupu la WhatsApp la familia ambako wote tumo. Kadiri ninavyotuma ndivyo anavyokaza. Huyu ni mtu aliyekuwa akinasa wizi kwa kuona tarakimu moja tu imekaa vibaya. Leo anashindwaje kuona jambo jepesi hivi? Au nimwache, maana sikio la kufa halisikii dawa?"

Jibu:

Mwalimu, usimwache. Na hiyo methali iweke pembeni kwanza. Mzee anasikia kila neno unalomwambia, tena anasikia kwa makini kuliko unavyodhani. Anachokifanya baada ya kusikia ndicho kinachotuhusu.

Nianze na hilo linalokushangaza zaidi, kwamba mtu mwenye akili ya hesabu hivi anaweza kukosea hesabu ya mwili wake. Mwaka 2013 Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia Wamarekani zaidi ya 1,000. Waliwapa jedwali dogo la dawa mpya ya kupaka vipele. Waliopaka dawa, watu 223 walipata nafuu na 75 wakazidiwa. Wasiopaka, 107 walipata nafuu na 21 wakazidiwa. Je, dawa inasaidia?

Jicho la haraka linarukia 223, namba kubwa kuliko zote, na kusema ndiyo. Lakini chukua kalamu. Waliopaka walikuwa 298, na waliopata nafuu kati yao ni karibu asilimia 75. Wasiopaka walikuwa 128, na waliopata nafuu ni karibu asilimia 84. Asiyepaka kitu ana hali nzuri zaidi. Wengi waliingia mkenge, na waliojua hesabu ndio waliotoka salama, kama ambavyo wewe au mzee wako mngetarajia.

Kisha watafiti wakachukua namba zilezile wakazibadilishia jina. Kundi jingine la washiriki likaambiwa hii ni miji iliyopiga marufuku kutembea na bastola iliyofichwa na miji ambayo haikupiga marufuku, na kwamba namba zinaonyesha uhalifu ulipungua au uliongezeka. Kwa Wamarekani hilo ni suala la chama, karibu na dini. Hapo mabingwa wa hesabu walipiga hesabu vizuri pale jibu lilipowapendeza upande wao. Jibu la haraka lilipowapendeza, wengi waliishia hapohapo, kalamu hawakuigusa. Na pengo kati ya pande mbili lilikuwa kubwa zaidi miongoni mwa waliojua hesabu kuliko miongoni mwa wasiojua.

Mwanasaikolojia Thomas Gilovich ameieleza hali hii kwa maswali mawili. Jambo tunalolitaka, tunajiuliza: naweza kuliamini? Ushahidi kiduchu unatosha. Jambo tusilolitaka, tunajiuliza: ni lazima niliamini? Hapo kasoro moja tu inatosha kulitupa. Mzee wako amelipwa maisha yake yote kutafuta kasoro. Unapomletea makala, anaikagua: nani kaiandika, nani kamlipa, mbona mwishoni kuna tangazo la kampuni ya dawa? Kitunguu saumu hakijawahi kukaguliwa hata mara moja. Kwa hiyo ule ujuzi unaoutegemea umsaidie ndio anaoutumia kukushinda, na ukimwongezea makala unamwongezea kazi anayoipenda.

Lakini kwa nini hataki liwe kweli? Jibu lako mwenyewe umelificha kwenye aya ya mwisho ya barua, umelipita kama jambo la kando. Umeandika kwamba rafiki yake wa siku nyingi alianza dawa za presha, na baada ya kama mwaka akawa anasafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, kisha akafariki. Mwalimu, hapo ndipo penye mambo yote.

Wewe unajua kilichotokea, au unakikisia vizuri. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, vidogo mno, vinavyopitisha damu kwenye mishipa myembamba. Presha ikikaa juu miaka mingi inaisukuma na kuikaza mishipa hiyo, vichujio vinakufa kimoja kimoja, na mwenyewe hasikii kitu kwa sababu vilivyobaki vinabeba mzigo. Watu wengi kwetu wanagundua presha kwa bahati, wamekwenda kutibiwa kitu kingine, na figo zimeshaliwa. Wanaanza dawa wakiwa wamechelewa. Miezi inapita, figo zinazima. Mwenye kuangalia kwa nje anaona vidonge vimetangulia na mashine ya kusafisha damu imefuata. Anaunganisha. Wewe ungeunganisha pia kama usingesoma baiolojia.

Ongeza mwili wake mwenyewe. Presha haiumi. Alipokuwa hamezi kitu alijisikia mzima. Alipoanza vidonge, umesema miguu ilivimba na usiku akawa anaamka kwenda msalani. Hayo ni maudhi yanayojulikana ya baadhi ya dawa za presha, hajayatunga. Basi tazama ushahidi ulio mbele yake: rafiki aliyemzika na miguu yake mwenyewe. Upande wa pili kuna video ya daktari asiyemjua, akizungumza kuhusu maelfu ya watu ambao hajawahi kukutana nao. Unamwita mbishi, lakini yeye anaona anafuata ushahidi na wewe ndiye unayefuata maneno ya watu.

Halafu kuna gharama, na hapa ndipo ningependa utulie zaidi. Kila imani unayotaka mtu aiache ina bei ya kuiacha, na mara nyingi bei hiyo haihusiani na imani yenyewe.

Mfano mkubwa unatoka kwa madaktari, ili tusidhani haya ni ya wazee wetu tu. Mwaka 1847, kwenye wodi ya wazazi ya hospitali kuu ya Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wajawazito. Mwezi Aprili wa mwaka huo karibu asilimia 18 ya wazazi katika wodi ile walikufa. Amri ikaanza katikati ya Mei, na Juni vifo vilishuka mpaka karibu asilimia 2. Namba hazikuwa za kutafuta kwa tochi. Hata hivyo wakubwa wengi wa fani walimkatalia kwa miaka. Sababu zilikuwa kadhaa: nadharia ya vijidudu ilikuwa haijathibitishwa, na Semmelweis mwenyewe alichelewa kuandika, na alipoandika alitukana. Ila fikiria daktari wa Vienna aliyezalisha kwa miaka 20. Kukubali maneno yale ni kukubali kwamba mikono yako, mikono hiyohiyo, iliwaua kina mama uliokuwa ukiwahurumia. Hiyo ni bei kubwa kwa kubadili maoni kuhusu maji ya klorini.

Na kwetu tunakumbuka 2011, kikombe cha Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, aliwanywesha watu dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500, ikisemekana kikombe kimoja kinamaliza kisukari, saratani na hata UKIMWI. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, mawaziri walikuwemo, na wapo waliofia njiani. Wapo walioacha dawa zao. Sasa mtu aliyeuza mbuzi apate nauli, akalala siku kadhaa kwenye foleni na mgonjwa wake, utamwambiaje kirahisi kwamba ile ilikuwa safari ya bure? Kusema "mgonjwa alichelewa" au "imani yake ilikuwa haba" ni nafuu zaidi kuliko kusema "nilipoteza mbuzi na siku za mwisho za mama." (Wasomi tuliokuwa tunacheka mjini, tukumbuke pia kwamba foleni ile ilikuwa na magari ya serikali.)

Mzee wako analipa nini akikubali? Karibu miaka mitatu ya kumeza kitunguu saumu bure. Marafiki wa kijiweni aliowapa ile resipe. Kama hata mmoja wao ameacha dawa kwa ushauri wake, hilo peke yake ni zito. Kifo cha rafiki, ambacho sasa kina maelezo na mtu wa kulaumiwa, kitabaki bila maelezo. Na juu ya yote, kijana wake wa kumzaa atakuwa amemfundisha mbele ya wakwe na wajukuu, kwenye grupu, na alama mbili za bluu zikionyesha wote wamesoma. Hata kama makala zako zingekuwa na nguvu ya kubomoa ukuta, umempa mahali pabaya pa kushindwa.

Hapo niseme jambo moja ambalo limeenea kupita kiasi. Huenda umesikia kwamba kumpa mtu ukweli kunamfanya azidi kushikilia uongo. Chanzo chake ni utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010, ambao ulikuta baadhi ya wahafidhina wa Marekani wakizidi kuamini kwamba Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi baada ya kusoma masahihisho. Ilikuwa habari tamu, ikasambaa. Mwaka 2019 Thomas Wood na Ethan Porter walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 10,000 na mada 52, wakaitafuta hali hiyo bila kuipata. Kwa kawaida watu wakisahihishwa, wanasogea kidogo upande wa ukweli. Kwa hiyo michoro yako haikupotea yote.

Ila kuna kitu kingine. Mwaka 2014 Nyhan na wenzake waliwapa wazazi wa Marekani maelezo kwamba chanjo ya surua haisababishi usonji. Wazazi walielewa, imani ya usonji ikapungua. Lakini wale waliokuwa na mashaka zaidi tangu mwanzo, nia yao ya kuchanja ilishuka. Walikubali hoja na kukataa hitimisho. Ukimbana mzee kwenye figo na ukamshinda, yumkini kesho atakuja na ini. Figo ni sababu anayoisema tu. Mashaka yenyewe yana makao mengine.

Mara nyingi makao hayo ni swali la nani anasema. Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2003 viongozi walisimamisha chanjo ya polio wakidai imetiwa kitu cha kuwafanya watoto wa kike wasizae. Kwa mbali unaona ujinga. Kwa karibu unaona kumbukumbu: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wa Kano. Watoto 11 waliokuwa kwenye jaribio walikufa, wengine wakabaki na ulemavu, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilishikilia kwamba kilichoua ni ugonjwa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na Jimbo la Kano malipo ya dola milioni 75. Watu wa Kano walikuwa na sababu ya kumtilia shaka mgeni mwenye sindano, japo walikosea kuhusu matone ya polio. Na kosa hilo liligharimu: polio ikasambaa hadi nchi zilizokuwa zimeshaiaga. Chanjo ilirudi Kano katikati ya 2004, baada ya kukubaliwa kwamba itatoka Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Matone yalikuwa ya aina ileile. Kilichobadilika ni mkono ulioyaleta, na kwamba viongozi wale walipata njia ya kurudi bila kupiga magoti. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio.

Sasa nyumbani kwenu.

Grupu liache kabisa kwa jambo hili, na wadogo zako waambie wasiligusie. Nenda mwenyewe. Salamu, chai, habari za shamba, halafu muulize kuhusu rafiki yake. Muulize kwa kutaka kujua: alianza kuumwa lini, nani alikuwa akimpeleka kusafishwa damu, siku za mwisho alisema nini. Najua kidole kitawasha kusahihisha mpangilio wa matukio. Usisahihishe siku hiyo. Nadhani hakuna mtu kwenye familia yenu aliyewahi kumwacha asimulie kifo kile mpaka mwisho, kwa sababu kila akikitaja mnajua anakwenda kwenye dawa.

Kisha mpe haki pale alipo na haki. Zipo dawa zinazoumiza figo. Umesema goti linamsumbua na anameza diklofenaki anazonunua duka la dawa bila cheti. Hizo, na ndugu zake kama ibuprofeni, zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuumiza figo kweli, na zinaweza kupandisha presha pia. Mwambie: "Baba, hilo la dawa na figo nimelifuatilia, na kuna moja una haki kabisa." Tazama uso wake. Miaka mitatu hajasikia sentensi hiyo kutoka kwako. Na akiziacha diklofenaki hizo, umeshaondoa sumu moja mwilini mwake, hata kama mengine yote yatashindikana.

Hatua inayofuata ni kutumia woga wake wenyewe. Mtu anayeogopa kuharibika figo hawezi kukataa kupimwa figo. Mpeleke apimwe damu kwa kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na mkojo kwa protini. Kwa namba za 172 kwa 104 zilizodumu hivi, fanya wiki hii au ijayo, usingoje mwisho wa mwezi. Huko kliniki daktari atapima na presha, atakuwa na majibu mkononi, na mazungumzo yatakuwa kati yao wawili. Mueleze daktari mapema kuhusu miguu kuvimba, maana zipo aina kadhaa za dawa za presha na ile iliyomuudhi si ya lazima. Mweleze pia kuhusu kitunguu saumu, hasa kama anakila kwa wingi na kuna dawa nyingine anatumia.

Akiwa tayari hata nusu, mgeuze awe mkaguzi. Nunua kipimo cha presha cha kufunga mkononi na daftari la mistari. Apime asubuhi na jioni, aandike mwenyewe kwa mwandiko wake. Kabla hajaanza dawa, muulize: "Baba, ukiona namba gani utasema dawa inafanya kazi? Na figo zikisomaje utasema inadhuru?" Aandike majibu ukurasa wa kwanza. Kisha vipimo vya figo virudiwe kwa tarehe atakayosema daktari, na vilinganishwe na vile vya mwanzo. Madaktari hufanya hivyo kwa baadhi ya dawa za presha kwa kawaida tu, kwa hiyo hutamtengenezea mchezo. Mkaguzi akishaandika kigezo kabla ya kuona namba, kukwepa kunamwia vigumu, kwa sababu aliyeweka kigezo ni yeye.

Muhimu kuliko ulivyowahi kufikiri: tafuta mtu mwingine wa kulisema. Mstaafu mwenzake ambaye yuko kwenye dawa za presha miaka kumi na bado anapanda baiskeli anafaa kuliko mimi na wewe na video zote. Wewe ni mtoto wake. Hata uwe sahihi vipi, ukisema wewe ni mtoto anamfundisha baba.

Na siku akianza kumeza, atatafuta maneno ya kujieleza kijiweni. Pengine atasema, "Zile za kwanza hazikunipatana, hizi za sasa ni tofauti." Wewe unajua kwamba hiyo si habari yote. Mwachie. Usiitikie kwa kicheko, usimkumbushe michoro yako, na rosela aendelee kunywa kama daktari hana pingamizi.

Jambo moja halina mjadala wala subira. Ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, maneno yanakwama, au kifua kinambana, usimpigie simu mstaafu mwenzake wala usifungue daftari. Tafuta gari muda huohuo, mwende hospitali, na njiani kumbuka saa kamili dalili zilipoanza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.